Nimechoka na sloti za uchawi, nani ana mfumo mwingine wa kutumia mezani?

dm_wa_tabata

Salaam wakuu,

Niende kwenye mada. Nina meza ya watu wanne, tunacheza D&D toleo la tano, lile gemu la mezani la kuigiza wahusika kwa dadu, kila Jumamosi sebuleni kwangu, huu mwaka wa pili, mimi ndiye DM, yaani mwendesha gemu. Kampeni ni yangu mwenyewe, mji wa bandari wa kubuni, majahazi, maghala ya karafuu, masultani wawili ndugu wasiopatana, mambo hayo. Watu wanaipenda hadithi, shida ni uchawi. Mchawi wetu yuko levo ya 5, ana sloti, yaani nafasi za kuloga, nne za daraja la kwanza, tatu za daraja la pili, mbili za daraja la tatu, na akishazimaliza basi kundi zima linatafuta pa kulala ili zirudi. Juzi wameingia ghala, walinzi watatu tu, mpira wa moto wa kwanza (uchawi wa daraja la tatu huo), mpira wa moto wa pili, halafu jamaa ananiambia kwa upole kabisa "DM sisi tunalala humu humu". Saa nne asubuhi! Ndani ya ghala walilolichoma wenyewe!

Kingine kinachonikera zaidi, ule uchawi hauna ladha. Mtu anasoma karatasi, anakata sloti kwa penseli, anarusha dadu, imeisha hiyo, utadhani kanunua vocha. Mi nimekulia kwa bibi Tanga, huko mganga akipita na mkoba wake hata watoto tulikuwa tunaacha kucheza tunamwangalia mpaka apotee kwenye kona, sa huu uchawi wa kukata kwa penseli unanipa taabu kidogo.

Nataka mfumo ambao mchezaji anabuni papo kwa papo badala ya kuchagua kwenye orodha, na gharama yake iume. Ila sitaki hesabu nyingi maana mmoja wetu akiona jedwali anasinzia, na sitaki kuhama gemu zima, vitabu tumeprinti kwa kuchangishana. Nilifikiria pia kuingiza hirizi, kombe, pepo na vitu vya kwetu ila sijui pa kuanzia.

Nawasilisha.

kete_sita

Mkuu tatizo lako sio sloti, tatizo lako ni usingizi.

Kile kitabu cha DM cha 2014 kinakwambia kabisa kundi linatarajiwa kupambana na matukio 6 hadi 8 kwa siku kabla ya mapumziko marefu. Wewe unawapa moja. Ukiwapa moja lazima mchawi amwage kila kitu, hata ningekuwa mimi ningemwaga. Humo humo kuna kanuni ya hiari, mapumziko mafupi yanakuwa saa 8 na marefu yanakuwa siku 7. Weka hiyo uone kama kuna mtu atalala ghalani wiki nzima.

Halafu sloti hazikuletwa ziwe tamu. Gygax na Arneson walipolitoa hili gemu lenyewe 1974 walichukua wazo kwenye hadithi za Jack Vance, mchawi anaibana kanuni kichwani, akiitamka inafutika mpaka aisome upya. Ni mchezo wa kubana matumizi, kama mshahara. Ukilipwa kila siku jioni huwezi kujifunza kubana.

msee_wa_d20

Kete hapo umesema ukweli lakini hujamjibu, yeye anataka ladha. Mi nko Nairobi, sisi tulihamia pointi za uchawi, ziko kwa kitabu hicho hicho. Unaondoa sloti zote, mchawi wa levo 5 anapata pointi 27, speli, yaani kanuni ya uchawi, ya daraja la kwanza ni pointi 2, ya pili 3, ya tatu 5. Unatumia vile unataka. Rahisi sana na hakuna kuhama gemu.

kete_sita

Pointi 27 gawanya kwa 5 bro. Mipira ya moto mitano badala ya miwili. Ghala alishalichoma, sasa unampa na bandari.

msee_wa_d20

😂😂 haya hiyo nimekubali. Kwetu mchawi ni mtu mpole, tumebahatika.

Basi kama ni gharama ya kuuma, angalia Dungeon Crawl Classics, ile ya 2012. Pale hakuna sloti, kila speli unarusha d20, dadu ya pande 20, ukishindwa vibaya mwili wako unaanza kuharibika, ngozi, macho, vidole, na haurudi vile ulikuwa. Na kama unataka kuongeza nguvu unakata pointi za mwili wako mwenyewe, nguvu, wepesi au ustahimilivu, zinakuja kurudi polepole sana. Mchawi wa levo za juu kwa hiyo gemu ukimuona njiani unavuka barabara. Wazo la kulipa kwa mwili si geni lakini, Tunnels & Trolls ya 1975 ilikuwa tayari inakata nguvu za mwili kwa kila speli, mwaka mmoja tu baada ya D&D.

Shida yake ni moja, ni jedwali juu ya jedwali juu ya jedwali. Kila speli ina jedwali lake lote. Yule wenu wa kusinzia atalala hadi Jumapili.

hesabu_tamu

Kwa mwenye mada, jaribu dadu za uchawi. Kuna kanuni za bure mtandaoni zinaitwa GLOG, zimetoka kwenye blogu, nimezitumia miaka mitatu na sijarudi nyuma.

Iko hivi. Mchawi hana sloti, ana dadu za pande 6, anaanza na moja na hazizidi nne. Akitaka kuloga anaamua mwenyewe anarusha ngapi. Speli inatazama vitu viwili tu, idadi ya dadu na jumla yake, mfano jumla ndio madhara au ndio raundi uchawi utakazodumu. Baada ya kurusha, dadu iliyotoka 1, 2 au 3 inarudi mfukoni, iliyotoka 4, 5 au 6 imekwenda mpaka kesho. Kwa hiyo kadiri uchawi unavyotoka mkali ndivyo unavyofilisika. Na namba zikifanana ndio balaa: mbili zinazofanana balaa dogo, tatu zinazofanana balaa la kukumbukwa.

Uzuri wake uko kwenye uwezekano. Dadu moja haiwezi kufanana na kitu, uko salama. Dadu mbili, 1 kati ya 6, kama asilimia 17. Tatu inaruka mpaka asilimia 44. Nne asilimia 72, yaani ukirusha nne we andaa tu sanda, na lile balaa kubwa la tatu kufanana linafika karibu asilimia 10. Mchezaji hahitaji kujua namba hizi, mkono wake wenyewe utaanza kusita akishika dadu ya tatu. Mimi hapo ndipo ninapoangalia uso wa mtu.

Kwa jedwali la balaa usihangaike na d100, ile ya namba 1 hadi 100. Wapiga ramli tangu zamani wana mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, yanatoka maumbo 16. Chukua dadu nne za rangi tofauti, witiri ni nukta moja, shufwa ni nukta mbili, una matokeo 16 yenye nafasi sawa na mchezaji ameyachora mwenyewe kwenye karatasi kama yuko kwa mpiga bao. Andika balaa 16 basi.

dm_wa_tabata

Aisee hii ya dadu nimeipenda, na hiyo ya ramli ndio ladha niliyokuwa naitafuta. Bado sehemu ya kubuni. GLOG bado ina orodha ya speli si ndio?

hesabu_tamu

Ndio, orodha ipo. Fupi ila ipo.

mwalimu_wa_ngeli

Wanangu habari zenu. Nafundisha Kiswahili sekondari na nacheza haya magemu yenu kwa siri, walimu wenzangu wasijue. Nimeusoma uzi huu nikacheka maana mnazunguka kutafuta kitu kiko mdomoni mwenu.

Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa gemu linaitwa Ars Magica ambalo uchawi wake ni sarufi. Vitenzi vitano vya Kilatini na nomino kumi. Creo ni kuumba, Intellego kujua, Muto kubadili, Perdo kuharibu, Rego kutawala. Upande wa pili moto, maji, hewa, mwili, akili, mimea na kuendelea. Unashika kitenzi kimoja na nomino moja, Creo Ignem, moto umewaka, na kwa hesabu ya haraka una michanganyiko 50 kabla hata hujabuni kitu. Ni mfumo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza na sitaki ubishi. Lakini kila nilipokuwa nautumia nilikuwa najiuliza, Kilatini cha nini? Lugha gani duniani inanyambua vitenzi kama hii yetu?

Chukua mzizi mmoja, fung-. Funga, unafunga. Peleka kwenye kauli ya kutendua, fungua, umeutengua uchawi wa mwenzio. Kutendea, fungia, umemfungia mtu ndani. Kutendana, fungana, vitu viwili vimeshikana. Kutendesha, fungisha, unamfanya mwingine afunge kwa mkono wake (kuna mchezaji atasema anafungisha ndoa, mruhusu, ni sahihi kisarufi). Kutendwa, fungwa, huu ni wa mashujaa, unachukua pingu za mwenzio unaziweka mikononi mwako. Mzizi teg- unatega mtego, unategua mtego, na ukikutana na zimwi lenye kitendawili unakitegua vile vile, mzizi ule ule. Chom-, choma na chomoa, mmoja anapigwa mshale mwingine anauchomoa. Na zingua! Kuzingua asili yake ni kumwondolea mtu uchawi, waganga wanafanya zinguo, sio hii yenu ya "DM unazingua".

Kwa hiyo mchezaji aanze na mizizi mitatu, basi. Hana orodha ya speli. Anataka kuloga, anatamka neno. Kauli ya kutenda ni dadu moja, kila kiambishi anachoongeza ni dadu moja zaidi, ndio tunaingia kwenye dadu za Hesabu Tamu hapo juu. Funga dadu 1. Fungana dadu 2. Fungamana 3, maana pana -am- na -an-. Fungamanisha dadu 4, na ile asilimia 72 inamsubiri. Neno refu, balaa refu.

Sasa huloga kitu gani? Hapo ndipo ngeli zinapoingia. Kila mchawi anamiliki ngeli mbili na hawezi kugusa kitu kilichoko nje yake. Mwenye KI-VI anakigusa kisu, kiti, kioo, kisima, chombo, kivuli. Lakini upanga haumhusu, ule ni U-ZI, pamoja na ukuta, uso, ulimi na ufunguo. Mwenye U-I ana moto, mto, mti, mlango, mshale. LI-YA ana jiwe, jicho, jahazi, jina. I-ZI ana nyumba, njia, ndoto, mvua, damu. Mlango wenyewe ni U-I, ufunguo wake U-ZI, kufuli lake LI-YA, kwa hiyo mlango mmoja wachawi watatu wanauendea kwa njia tatu na wote wako sahihi.

A-WA usimpe mtu kabla ya levo 7. Atawaloga watu moja kwa moja na gemu limekwisha. Lakini angalia lugha ilivyo na hila, binadamu ni A-WA ila vipande vyake vimetawanyika kote: mwili U-I, kichwa KI-VI, jicho LI-YA, damu I-ZI, ulimi U-ZI. Kila mchawi ana pa kumshikia, akili kichwani mwake tu.

Na ngeli ya mahali nimeificha mwisho. PA-KU-MU ni ya kusafiri. Mchawi wa levo ya chini anapewa KU tu, anatokea kule kule kusikojulikana vizuri, mtaa wa pili, juu ya paa la watu, bahati yake. Akipewa PA anatokea pale pale alipolenga. MU ni ndani, ndani ya chumba, ndani ya sanduku, na akikosea, ndani ya ukuta. Miaka nafundisha tofauti ya pale, kule na mle, wanafunzi wanasinzia, siku niliyoieleza hivi hakuna aliyesinzia.

msee_wa_d20

Mwalimu wewe ungenifundisha ningepata A, mi nilipata C plain.

Lakini nina swali. Jini. Jini ni LI-YA ama A-WA? Tunasema majini, si majina ya LI-YA hayo?

mwalimu_wa_ngeli

Umbo lake la wingi linafanana na LI-YA, upatanisho ni A-WA. Jini amekuja, majini wamekuja. Sisi tunafuata upatanisho. Ndio maana kiboko ana umbo la KI-VI lakini ukimwambia "kiboko kimekuja" anakula mtumbwi wako. Mzimu ndio wa ajabu, una nguvu za kumtisha sultani na bado ni U-I kama mti na mlango. Mwenye U-I anaufunga mzimu kama anavyofunga mlango, na kwa maoni yangu hiyo ni zawadi ya lugha, msiiharibu.

kete_sita

Na maiti?

mwalimu_wa_ngeli

Nilijua tu.

Maiti watu wanasema yote mawili, maiti imeokotwa, maiti amezikwa. Kwenye meza yangu iko hivi: ikiwa imelala ni I-ZI. Ikisimama ni A-WA. Kwa hiyo mchawi wa I-ZI anaweza kuiamsha maiti, ila ikishaamka si ya ngeli yake tena, hawezi kuilaza. Sijawahi kukataza wachezaji kufufua wafu. Walijaribu mara moja, wakakimbizwa kuanzia makaburini mpaka forodhani, hawajarudia.

kete_sita

Nimeokoka 😂 nafuta kila nilichosema juu ya mapumziko. Hapana sifuti, ila naongeza.

binti_shangani

Asalaam aleikum. Mfumo wa mwalimu mzuri sana ila nyote mmelipa gharama kwa dadu, na mwenye mada alitaja pepo. Mimi wa Unguja, niseme kidogo.

Kwetu mtu aliyepandwa anaitwa kiti. Angalieni neno lenyewe, kiti, yeye ndiye anayekaliwa. Pepo akishapanda habembelezwi kwa namba, anataka vyake, kila kabila la pepo na ngoma yake, nguo yake, chakula chake. Kibuki, wale wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, wanataka brandi, na kiti hapo anaweza kuwa bibi wa heshima zake ambaye maisha yake hajawahi kuonja, akishashuka pepo anashangaa chupa ya nani. Nguvu anayo, lakini si yake, na anadaiwa. Sasa mkisema "uchawi una gharama" mkamkata mtu pointi mbili za uhai kisha akalala akaamka mzima, mimi naona hajadaiwa kitu huyo. Deni la kweli linakuja siku usiyolitaka, uko kwenye harusi ya sultani, pepo anataka ngoma yake sasa hivi.

Nikiwa DM ningeondoa zile pointi zote nikaweka miiko. Kuna gemu linaitwa Unknown Armies, kila mchawi ana mwiko wake, akiuvunja nguvu zote alizokusanya zinapotea hapo hapo, hata moja haibaki. Ukiileta kwa mwalimu, kila mzizi uwe na mwiko wake. Mwenye fung- asifunge kitu kwa mikono yake, hata kamba ya viatu, hata kifungo cha kanzu. Mwenye teg- asidanganye akiulizwa swali moja kwa moja. Mwenye chom- asile kilichochomwa.

msee_wa_d20

Asile nyama choma?? Hapo mmenipoteza. Huyo mchawi mnamuonea.

binti_shangani

Mishikaki pia 😊

abuu_kisauni

Ndugu zangu niingie kwa ufupi. Nacheza na nyinyi na uzi naupenda, ila ndugu DM umetaja kombe. Kombe ni aya zinaandikwa kwa zafarani, zinaoshwa, mtu anakunywa kwa nia ya shifaa. Mezani kwako kuna wasioona tofauti na kuna ambao wazazi wao wanakunywa. Kuirushia dadu sio sawa kwangu, na nina uhakika siko peke yangu. Pepo, mizimu, ramli, hizo kila mtu na imani yake, mi mwenyewe zinanipa wasiwasi kidogo lakini gemu ni gemu. Kombe iacheni.

dm_wa_tabata

Umesikika kaka, na asante kwa kusema kistaarabu. Wawili mezani kwangu ni Waislamu na sikuwauliza, nilikosea. Kombe imetoka. Hirizi nimeigeuza, sasa ni kipochi cha ngozi kinachobeba mzizi mmoja wa neno, ukikipoteza umelisahau neno.

Nitaleta mrejesho Jumapili.

dm_wa_tabata

Wakuu mrejesho, samahani ni mrefu.

Nimechukua mizizi na ngeli za mwalimu, dadu za hesabu, ramli kwa balaa, mwiko wa binti. Mapumziko nimeyaweka ya Kete, siku 7, kimya kimya. Mchawi wetu kachagua fung-, teg- na lal-, ngeli KI-VI na LI-YA, dadu nne. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ngumu sikatai, kila mtu anauliza "hii ni ngeli gani", tumebishana kuhusu gari la punda mpaka chai ikapoa. Yule wetu wa kusinzia ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote! Kumbe jedwali hapendi ila kubishana sarufi anapenda. Alimkatalia mchawi asigeuze "pete" iwe kitu kingine, pete ni I-ZI, kaa chini.

Mwiko umefanya kazi bila mimi kugusa chochote. Wanapanda ukuta wa nyumba ya mtoza ushuru, mchawi anaombwa ashike kamba aifunge kwenye nguzo, anasimama anaiangalia kamba, wenzake wanamtukana, hawezi. Ikabidi afungiwe na mtoto wa jirani waliyemlipa tende. Sikupanga hata kidogo kuwepo mtoto wa jirani.

Sasa sikilizeni. Saa moja na nusu umeme ukakatika. Nimewasha mshumaa nikauweka katikati ya meza kwenye kisosi, tukaendelea. Ndani ya gemu wako ukumbini kwa mtoza ushuru, kuna taa moja ya mafuta mezani, walinzi wawili wamewaona, wana panga. Upanga U-ZI, hana. Mwili U-I, hana. Walinzi wenyewe A-WA, ndio kabisa. Mchawi kashika dadu anazizungusha mkononi, kanyamaza muda mrefu, halafu nikaona anaangalia ukuta wa sebule yangu, vivuli vyetu vile vimejaa mpaka dari. Akasema taratibu, "kivuli ni KI-VI si ndio?"

Mwalimu, meza nzima ilipiga kelele.

Kasema fungamana. Vivuli vya walinzi wote wawili vifungamane. Dadu tatu. Alizirusha kwenye sinia maana gizani zingepotea, zikatoka 5, 5 na 2. Jumla 12, nimempa raundi 12. Zile 5 mbili zimekwenda, ile 2 imerudi, kabaki na dadu mbili. Na 5 mbili ni balaa dogo. Ramli: witiri, shufwa, witiri, witiri. Nimetazama orodha yangu, nilikuwa nimeandika "kauli ya kutendwa, mlogaji naye yumo".

Kwa hiyo vivuli vitatu vimefungamana. Mlinzi wa kushoto akienda kulia, wa kulia anaburuzwa, na mchawi wetu anaburuzwa nyuma yao akijifanya alikuwa anaelekea huko huko. Tulicheka mpaka mama wa nyumba ya pili akagonga kuuliza kuna nini. Raundi tatu wanazunguka meza ya mtoza ushuru kama wako kwenye ngoma, mwizi wetu anachukua vitabu vya hesabu bila haraka, na hapo ndipo mlinzi mmoja akashtukia. Nimemwambia mchawi, "mlinzi anatazama ukutani, anaitazama taa, anainama kuipuliza". Nikaishia hapo, sesheni imekwisha, watu wakataka kunipiga.

Sasa naombeni msaada kabla ya Jumamosi maana mwenyewe sijui jibu. Taa ikizimika, vivuli vimekufa na uchawi umeisha? Au giza lote ni kivuli kimoja kikubwa na kila aliyeko ukumbini amefungwa na mwenzie? Mchawi ananipigia simu tangu jana anadai ni hiyo ya kwanza.

kete_sita

Ya kwanza. Hakuna mwanga hakuna kivuli. Asante, kesi imefungwa.

binti_shangani

Imefungwa na nani, ana mwiko huyo 😂 mimi nasema ya pili, wote wafungwe.

mwalimu_wa_ngeli

Ya kwanza ni sahihi. Giza si kivuli, giza ni LI-YA. Limeingia, limetanda. Taa ikizimika vivuli vimeondoka na fungamana imekwisha, mwambie kijana yuko huru.

Halafu mkumbushe kwamba LI-YA pia ni yake, na ana dadu mbili.

dm_wa_tabata

Mwalimu hapana. Anausoma uzi huu.